Gari Lanuka Petroli: Kubadilisha Sili za Nozeli Mwenyewe

Foleni ya feri Likoni ndiyo iliyoniumbua. Ilikuwa kaskazi, jua la saa nane, madirisha yote chini na magari hayasogei. Mamangu, kikapu cha maembe miguuni, alivuta pumzi mara mbili kisha akaniuliza, "Mwanangu, gari hili lanuka petroli, au ni pua yangu?"

Haikuwa pua yake. Mimi nilishaizoea ile harufu hata siisikii tena. Kwa miezi miwili gari lilikuwa likiwaka kwa shida asubuhi na likisimama languruma kama lina kwikwi. Nilishabadilisha plagi, nikasafisha throto, na fundi mmoja alikuwa ameniuzia pampu ya petroli ambayo gari halikuihitaji kabisa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa sili, yaani raba za kuzibia nozeli, kila moja ndogo kuliko pete ya kidoleni. Seti nzima nilinunua kwa pesa zisizofika sahani mbili za biriani.

Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A-FE, silinda nne, cc 1498. Ninayoyaeleza hapa nimeyafanya kwenye injini hiyo, na vipimo nitakavyotaja ni vyake. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya tisini yana mpango huo huo: reli moja ya mafuta, yaani bomba linalogawa petroli, na nozeli nne zimening'inia chini yake. Lakini kama lako ni la dizeli, au ni la petroli linalopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, yale ya D-4 na GDI, wacha. Presha yake ni ya kutisha na sili zake ni za aina nyingine. Hiyo si kazi ya uani.

Juu petroli, chini hewa

Nozeli, au injekta kama inavyoitwa vitabuni, ndiyo inayoipulizia injini petroli, nayo imekaa kati ya vitu viwili. Kichwa chake kimeingia ndani ya reli inayoleta petroli. Mdomo wake umeingia kwenye njia ya hewa iendayo silinda. Kila upande una raba yake. Ya juu ni oringi nyembamba, na kazi yake ni kuzuia petroli isitoke. Ya chini ni nene zaidi, na kazi yake ni kuzuia hewa ya nje isifyonzwe ndani. Kwenye Toyota kuna na raba ya tatu, grometi, iliyokaa kama mto chini ya ile oringi.

Ya juu ikichoka, petroli yatoka nje. Ya chini ikichoka, hewa yaingia ndani. Ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Ya juu huanza na harufu, hasa gari linapowashwa baada ya kulala usiku kucha. Raba iliyokauka hujikunja ikipoa na hutanuka ikipata moto, kwa hivyo yaweza kuvuja dakika tano za kwanza halafu ikajiziba yenyewe. Ukimpelekea fundi gari likiwa limeshatembea kutoka Bamburi mpaka mjini, atakuambia haoni kitu, na atakuwa mkweli. Hata huku kwetu, ambako baridi ni hadithi, asubuhi za kusi za mwezi wa saba zatosha kuifanya raba ngumu ivuje.

Na usidhani ni mvujo wa kuchezea. Ndani ya reli, petroli husukumwa kwa psi 38 hadi 44 ukichomoa mpira wa vakyumu (mfyonzo wa injini) kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha hiyo. Huo ni msukumo mkubwa kuliko upepo wa tairi ya saluni. Ikipata ufa mdogo hutoka kama mvuke, na hapo karibu pana distribyuta, ile inayogawia plagi moto, yenye cheche. Kama waona umajimaji kwenye reli, au waya zilizo chini yake zimelowa, gari hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe. Usiseme utalipeleka polepole. Mwite fundi aje, au lisukumwe.

Ya chini haina harufu. Utaona injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta yapanda na kushuka, au yakaa juu kuliko ile mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika ya kawaida, au yatetemeka kama yataka kuzima. Ukikanyaga mafuta yatulia. Hewa ya ziada ikiingia karibu na silinda moja, silinda hiyo huchoma mchanganyiko mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo, na kukosa moto.

Kupima kabla ya kufungua

Usifungue kitu mpaka ujue unachokitafuta. Kwanza chukua tochi, si kiberiti wala kibatari, na umulike chini ya kila nozeli injini ikiwa baridi na gari ndiyo kwanza limewashwa. Petroli huacha alama: vumbi la hapo huwa limeoshwa, au limeganda rangi ya kahawia.

Halafu chomoa ule mpira mwembamba wa vakyumu uliochomekwa kwenye regyuleta mwishoni mwa reli. Ukikuta petroli ndani yake, shida si sili. Utando wa regyuleta umepasuka na injini yafyonza petroli mbichi. Nimeona mtu amebadilisha sili zote nne, na siku ya pili harufu ikarudi, kumbe mpira huu haukuguswa.

Kwa raba za chini natumia chupa ya kunyunyizia, ile ya kupigia pasi, yenye maji matupu. Injini ikinguruma, nyunyiza kidogo kwenye mzizi wa nozeli moja, ngoja, kisha nenda ya pili. Maji yakiziba ufa kwa muda, mlio wa injini hubadilika. Jiepushe na distribyuta na vichwa vya nyaya. Wako wanaonyunyiza dawa ya kusafishia kabureta, na kweli hufanya kazi haraka zaidi, ila dawa ile ni moto mtupu juu ya injini. Maji ni ya bure na hayalipuki. Ukikosa chupa, chukua kipande cha mpira wa mfereji, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na nozeli. Utasikia mluzi.

Jambo ambalo raba mpya haitalitibu ni nozeli inayodondosha ndani. Hiyo hufanya gari kukataa kuwaka likiwa la moto na kutoa moshi mweusi mwanzoni, bila tone lolote nje. Hapo yataka kusafishwa kwa mashine au kubadilishwa.

Kununua raba

Hapa ndipo kazi huharibika, kabla hata ya spana kushikwa. Duka za spea kwenye barabara ya Jomo Kenyatta hadi Mwembe Tayari zina raba za kila namna, na muuzaji atakuuliza, "Waileta ile ya zamani tulinganishe?" Usikubali kulinganisha. Raba ya zamani imekandamizwa miaka ishirini. Imekuwa bapa na imesinyaa, na ukichukua inayofanana nayo utapata ndogo. Nenda na namba ya chesisi na jina la injini, uulize seti ya gari hilo. Utapewa oringi nne, grometi nne na raba nne za chini. Ongeza pete mbili laini za kuziba za bolti ya kuingizia mafuta kwenye reli, zile ambazo mafundi huziita washa. Na ununue oringi moja zaidi. Utaniombea dua.

Uliza raba imetengenezwa kwa nini. Nyingi za zamani zilikuwa za naitrili, ambayo yavumilia petroli lakini joto huichosha. Vaitoni yavumilia joto la karibu nyuzi 200 na ndiyo ningechagua kwa oringi za juu. Rangi isikudanganye: vaitoni mara nyingi huwa ya kahawia au kijani, lakini rangi haina hakika, mtu yeyote aweza kupaka raba rangi.

Oringi za mfereji kutoka duka la hadiwea usiziguse, hata kama zaingia sawasawa. Nyingi ni za raba iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, na ndani ya petroli hufura kama andazi kwenye mafuta. Kama una shaka na ulichouziwa, tia ile oringi ya ziada kwenye chupa ya kioo yenye petroli kidogo, ufunge kifuniko, uiweke nje kivulini mbali na watoto. Kesho yake ilinganishe na nyenzake. Ikiwa imenenepa au imelainika kama jojo, rudisha seti yote dukani.

Mahali na saa

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini kama maji na kutafuta mahali pa kutulia. Hili nalisema kwa sababu mlangoni petu pana bibi akaangaye viazi karai kuanzia saa kumi, na jiko lake la makaa liko hatua kumi kutoka ninapoegesha. Basi mimi hufanya kazi hii asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, chini ya mwarobaini, injini imelala usiku kucha na upepo watoka upande wa gari kwenda uwanjani, si kwenda nyumbani. Kama huna nafasi ya wazi, lisukume gari mpaka uipate. Usifanye kazi ndani ya gereji iliyofungwa.

Sigara, jiko na taa ya balbu ya kuning'iniza viwe mbali. Mtungi wa kuzimia moto, wa poda, uwe mkononi na si ndani ya buti. Ndoo ya maji haifai, maji hueneza petroli inayowaka.

Vyombo si vingi: raketi na soketi za 10 hadi 17, plaisi, bisibisi bapa ndogo, matambara safi yasiyo na nyuzi, brashi ya meno ya zamani, vijiti vya meno vya mbao, oili safi ya injini kiasi cha kifuniko, miwani ya kukinga macho, na kalamu ya rangi nyeupe. Ukiweza kuazima spana ya kupimia nguvu, azima. Usiku wa kuamkia kazi, puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za reli. Hewa ya bahari huku imeshazila, na kichwa cha bolti kikikatika ndani ya alumini, asubuhi yako imekuwa wiki.

Kutoa presha

Watu wengi huchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, injini yazima, wakadhani wamemaliza. Kwenye Toyota nyingi za zama hizi fyuzi hiyo hulisha pia kompyuta ya injini. Ukiichomoa, injini huzima palepale, na presha yote imebaki ndani ya reli yakungoja. Njia yenye maana ni kuizima pampu peke yake. Inua kiti cha nyuma, tafuta kifuniko cha pampu sakafuni, chomoa kichwa cha nyaya zake. Sasa washa injini. Itanguruma kidogo, ianze kukohoa, izime yenyewe. Jaribu kuwasha tena mara mbili, sekunde chache tu. Fungua kifuniko cha tanki kitoe pumzi ukifunge. Kisha toa waya hasi wa betri.

Hata hivyo petroli kidogo itakuwa imebaki, kwa hivyo usijisahau.

Kufungua

Safisha kwanza. Najua mkono wakuwasha kufungua, lakini kila nozeli imezungukwa na mchanga na vumbi la matrela ya Magongo, na ukiing'oa hivyo hivyo, mchanga wote waingia kwenye injini. Piga brashi kuzunguka kila mzizi, kisha hewa. Jamaa wa pancha atakupulizia na kompresa yake ukienda jioni kabla ya siku ya kazi.

Toa bomba kubwa la hewa na mipira inayokuzuia, kila kimoja ukikipiga picha kwa simu kabla, kisha simu irudi mfukoni kabla hujafungua njia ya petroli. Tia alama nozeli kwa ile kalamu nyeupe, moja hadi nne, ukianzia upande wa mikanda. Kila moja irudi tundu lake, ili ukipata shida baadaye ujue ni ya nani.

Vichwa vya nyaya vya nozeli ndivyo vinavyotia watu machozi. Plastiki imechomwa na joto mpaka imekuwa kama biskuti. Usivute waya. Bonyeza ulimi mpaka chini, kisha vuta kichwa chenyewe, ukikitikisa kidogo. Kikivunjika, nunua kingine. Usikifunge kwa waya wa umeme ukajifariji.

Vaa miwani. Zungushia tambara bolti ya kuingizia mafuta na uilegeze robo mzunguko, ungoje. Utasikia "fss" na tambara litalowa. Likimaliza, fungua yote. Ile mipira miwili ya regyuleta, wa vakyumu na wa kurudisha mafuta, itoe pia. Mwisho bolti za reli.

Sasa inua reli sawasawa, pande zote mbili pamoja, ukiitikisatikisa. Mara nyingine nozeli hutoka zote na reli, mara nyingine mbili hubaki kwenye matundu. Zote ni sawa. Angalia vipande viwili vidogo vilivyokaa kati ya reli na silinda hedi pale bolti zinapopita. Hivyo ndivyo vinavyoiweka reli kwenye kimo chake, navyo hupenda kuanguka kimya kimya nyuma ya injini. Vitie kwenye kikombe kabla ya kufanya jambo jingine.

Nusu iliyopotea

Mara ya mwisho nilifanya kazi hii kwa gari la jirani yangu wa Mikindani, na kijana wake wa miaka kumi na saba alikuwa msaidizi. Nozeli ya tatu ilipotoka, raba yake ya chini haikuja nayo. Kijana akaingiza kidole, akatoa kipande.

"Ami, hii imekuwa kama kigae," akasema, akaivunja kwa kucha. Kweli ilikatika, haikupinda.

Nikaitazama ile raba kiganjani mwake. Ilikuwa nusu mwezi.

"Nusu yake iko wapi?"

Tukatazamana. Kwenye matundu haya, vali ya kuingizia ya silinda moja au mbili huwa wazi injini ikiwa imesimama, na kipande kigumu kikidondoka humo chakuta pistoni. Nilimzuia asiguse kitu. Tulimulika tochi kutoka upande, siyo moja kwa moja juu, na baada ya muda tukaona ukingo mweusi umeng'ang'ania ukutani mwa tundu, umegandiana na masizi. Niliutoa kwa kijiti kilichopakwa grisi nchani, taratibu, kama mtu atoaye mwiba kwenye mguu wa mtoto. Tukaunganisha vipande viwili juu ya tambara mpaka duara likatimia. Nilimwambia asiendelee mpaka nione duara. Tangu siku hiyo kila raba ninayoitoa naiweka kwenye tambara kwa namba yake, nzima au vipande, na sifuniki tundu kabla ya kuhesabu.

Ukishahesabu, ziba matundu kwa matambara safi, vipande vikubwa visivyoweza kumezwa.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe

Kuvisha raba mpya ni dakika kumi. Kusafisha mahali zinapokaa ni saa nzima, na ndiko kunakoamua kama utarudia kazi hii mwezi ujao.

Oringi ya zamani ikatwe au isukumwe kwa kijiti cha meno. Usitumie sindano wala ncha ya bisibisi: mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wa oringi ni njia ya petroli, na hakuna raba itakayoufunika. Futa mfereji kwa tambara lililoloweshwa petroli kidogo mpaka litoke jeupe. Ndani ya midomo ya reli pia, pale oringi itakaposugua. Ukiona kutu au vidoti, sugua kwa tambara tu. Kama vimechimba, tafuta reli nyingine, maana raba mpya kwenye shimo ni hasara.

Matundu ya chini yapanguse masizi ukiwa umeziba ndani. Mdomo wa nozeli wenyewe usichokolewe kwa waya, na nozeli nzima usiitose kwenye petroli ikalala humo. Ukiwa na mita ya umeme, pima kati ya pini zake mbili: kwenye injini hii yapaswa kuwa karibu omu 13.8 ikiwa baridi. Inayosoma mbali sana na wenzake itakusumbua baadaye, afadhali ujue sasa.

Kurudisha

Grometi kwanza, kisha oringi. Paka oringi oili safi kidogo kwa ncha ya kidole, iwe yang'aa tu, isidondoke. Petroli safi pia yafaa. Silikoni na gundi za gasketi hapana, hata fundi akikuapia. Gundi hukatika ikaziba nozeli, na silikoni huharibu sensa ya oksijeni.

Viringisha oringi mpaka ikae kwenye mfereji wake, kisha itazame kwenye mwanga isije ikawa imejisokota. Isukume nozeli ndani ya reli huku ukiizungusha kushoto na kulia. Itaingia na utaihisi ikitulia. Raba za chini zitie kwenye matundu yake kwanza, kavu na zimekaa bapa. Kisha telemsha reli nzima pamoja na nozeli, na usisahau vile vipande viwili vya kikombeni.

Kabla ya kukaza, fanya jaribio hili moja ambalo kwangu lina thamani kuliko mengine yote: shika kila nozeli kwa vidole uizungushe. Yapaswa kuzunguka laini, bila kukwama. Ikikataa, oringi yake imebanwa au imekatika. Itoe uweke ile ya ziada. Zilizokubali zigeuze vichwa vya nyaya vitazame juu.

Kaza bolti za reli kidogo kidogo kwa zamu, zifike Nm 15 kwenye spana ya kupimia nguvu. Hiyo si nguvu nyingi, ni mkono mmoja kwenye raketi fupi bila kukunja uso. Bolti ya kuingizia mafuta, ikiwa na pete zake mpya pande zote mbili, ni Nm 29. Rudisha mipira, vichwa vya nyaya, bomba la hewa.

Kujaribu bila kuwasha

Hapa haraka imewaunguza watu. Usipige ufunguo uone kama litawaka. Jaza presha kwanza, injini imelala.

Rudisha kichwa cha nyaya cha pampu, kisha waya wa betri. Kwenye Toyota hizi, kufungua ufunguo peke yake hakuendeshi pampu. Tafuta kisanduku cheusi kwenye injini chenye neno DIAGNOSIS kifunikoni. Ndani ya kifuniko pameandikwa majina ya matundu. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, hizo mbili tu na kwa uangalifu, kisha fungua ufunguo bila kupiga stata. Utasikia petroli ikipita kwenye reli. Iache dakika mbili huku unamulika kila kiungo kwa tochi. Pitisha tambara jeupe kavu chini ya kila nozeli na chini ya ile bolti. Likitoka na unyevu wowote, zima ufunguo, toa presha, rudi nyuma. Oringi inayovuja haiponi kwa kukazwa.

Yote yakiwa makavu, zima ufunguo, toa waya wa majaribio, funga kisanduku, uwashe gari. Mara ya kwanza litachelewa kidogo. Likinguruma, rudia ile chupa ya maji kwenye mizizi ya nozeli, kisha liache lipate moto mpaka feni izunguke, uzime, ungoje nusu saa, umulike tena. Joto hupanda zaidi baada ya injini kuzimwa kuliko ikiwa yatembea, na raba iliyokaa vibaya huonyesha hapo. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda popote, tambara jeupe tena. Baada ya wiki, mara ya mwisho. Bolti usizirudie kukaza injini ikiwa ya moto.

Na kama harufu ingalipo na reli ni kavu kabisa, usirudi mbele. Inua kiti cha nyuma. Mara nyingi ni kifuniko cha pampu ulichokigusa mwenyewe asubuhi ile, au mpira ulio juu yake umechanika, na ukiendesha madirisha yakiwa wazi upepo huivuta harufu yake mpaka kwako ukadhani ni injini.